Gofu ya Mlimani Kwenye Nchi Tambarare

Dada yangu alitoa masharti yake akiwa amesimama katikati ya kabichi, jembe begani, bila kututazama. Binti yake alikuwa ameomba ruhusa ya kucheza gofu ya kulipwa, kazi ambayo ingempeleka kutoka nchi moja ya Afrika hadi nyingine kwa karibu mwaka mzima.

"Nakupa msimu mmoja," alisema. "Kama shamba la kuazima. Ukivuna, endelea. Usipovuna, unarudisha shamba na unakaa kwenye cherehani."

Cherehani yenyewe ilikwisha nunuliwa. Ilikuwa sebuleni, imefunikwa kitambaa cha maua, imewekwa karibu na mlango kiasi kwamba kila aliyeingia alilazimika kupita ubavuubavu. Nafasi ya kushona pale Lushoto mjini, karibu na soko, ilikuwa imekwisha ombwa pia. Dada yangu si mtu wa vitisho. Akisema jambo, huwa amekwisha lipanga.

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe utakwenda naye, umbebee mfuko wa fimbo zake."

"Dada, huyu ana miaka ishirini na sita."

"Hata angekuwa na arobaini. Simwachii mtoto wa kike azunguke dunia na mfuko wa vyuma mgongoni. Nyumba za watu zitakungoja. Mvua ikinyesha si huwa hamjengi?"

Mimi ni fundi mwashi. Kazi hii sikuisomea chuoni. Nilijifunza kwa kutazama mafundi wa misheni na kwa kusoma kila kitabu cha ujenzi nilichoweza kuazima. Gofu nayo niliisoma hivyo hivyo. Mpwa wangu alipoanza kushinda mashindano ya ridhaa kule Arusha, nilitafuta kitabu cha kanuni, nikakipitia ukurasa kwa ukurasa, na kila nisichokielewa nilimuuliza yeye. Kwa hiyo dada yangu aliposema nitaubeba mfuko, sikuwa mgeni kabisa wa kazi ile.

Kwa asiyeijua gofu, nieleze kidogo. Mchezaji anapiga mpira mdogo kwa fimbo mpaka uingie kwenye shimo, kisha anahamia shimo linalofuata, mashimo kumi na nane kwa raundi. Aliyepiga mara chache zaidi ndiye mshindi. Kuzunguka kila shimo kuna eneo la nyasi zilizokatwa fupi sana, wenyewe wanaliita grini. Hapo mpira haupigwi tena, unasukumwa taratibu, nao unafuata kila mwinuko wa ardhi, hata ule usioonekana. Kila shindano la mzunguko wetu, yaani mfululizo ule wa nchi kwa nchi, lilikuwa la siku tatu. Baada ya siku ya pili kulikuwa na mchujo, na nusu ya wachezaji walirudi nyumbani. Kila aliyevuka mchujo alipata pointi. Mwisho wa msimu, thelathini wa kwanza walibakiwa na nafasi zao kwa mwaka unaofuata. Wengine wote walipoteza. Thelathini, au cherehani. Hilo ndilo lililokuwa mbele yetu, na sote watatu tulilijua.

Mpwa wangu alizaliwa Bulwa, Usambara ya Mashariki, ambako marehemu baba yake alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai. Mameneja wa zamani waliwahi kutengeneza kiwanja kidogo cha mashimo sita katikati ya mashamba. Walipoondoka, kiwanja kilibaki, nyasi zake zikikatwa na mbuzi tu. Watoto wa wafanyakazi walicheza humo kwa fimbo zilizokwisha tupwa. Kiwanja kile kilikuwa chembamba, chai huku na chai huku, na kila shimo lilikuwa ama kwenye mpando ama kwenye mteremko. Mpira ukiingia kwenye chai umeuaga. Wachumaji waliukuta baadaye ndani ya vikapu vyao, katikati ya majani. Ndiyo maana binti huyu alijifunza kupiga mpira ulionyooka kabla ya kujifunza kupiga mpira wa mbali. Baba yake alipofariki, dada yangu alirudi na watoto kwenye shamba la familia yetu, juu ya Lushoto, na binti akaendelea kupiga mipira kwenye malisho ya ng'ombe, ambako hakuna hatua moja iliyo sawa.

Nimekwisha fanya kazi na vijana wengi kwenye ujenzi, na najua mapema nani atakuwa fundi. Si yule mwenye nguvu. Ni yule anayerudisha chombo mahali pake kabla hajaambiwa. Mpwa wangu alikuwa hivyo. Kila akipiga, aliifuta fimbo yake mwenyewe, ingawa kuifuta ilikuwa kazi yangu. Kila alipochimba nyasi, alirudisha kipande na kukikanyaga kama anayepanda mche. Akipiga vibaya, hakutazama mbingu wala hakunitazama mimi. Alitembea hadi ulipo mpira akaanza upya. Watu waliomwona mara ya kwanza walidhani hana hisia. Mimi nilijua kuwa anafanya hesabu.

Shindano la kwanza lilikuwa Kenya, kwenye nyanda za juu, katika kiwanja kilichozungukwa na chai. Asubuhi ya siku ya kwanza alipangwa na mchezaji Mkenya mwenye miaka zaidi ya arobaini, mwanamke mrefu, mwenye jina kubwa katika mzunguko ule. Mpwa wangu alimsogelea, akainama kidogo.

"Shikamoo, dada."

Yule Mkenya akatazama nyuma yake, kama anayetafuta aliyesalimiwa. "Marahaba," alisema. "Lakini kwani lazima unizeeshe hapa mbele ya watu? Bado hata sijapiga mpira wa kwanza."

"Nisamehe, dada. Kwetu siwezi kupita mkubwa hivi hivi."

"Wacha nikuambie. Hapa uwanjani, nikikupita kwa pointi, hapo ndipo uniamkie."

Alicheka mwenyewe. Lakini kesho yake, na kila kesho iliyofuata, mpwa wangu alimwamkia vile vile, na baada ya majuma machache nilimwona yule mama akisimama makusudi kungoja salamu yake kabla ya kuvaa glavu.

Katika shindano lile mpwa wangu alimaliza wa tisa. Kutoka hapo tulikwenda Uganda, kwenye vilima, akamaliza wa kumi na mbili. Kila Jumapili jioni dada yangu alipiga simu. Aliuliza kwanza kama tumekwenda kanisani, halafu kama tunakula vizuri, halafu swali lake lenyewe: "Umepanda au umeshuka?" Majuma yale binti alijibu kwamba amepanda, na dada yangu alisema, "Haya," akaanza kueleza habari za karoti.

Halafu tukashuka kwenye nchi tambarare.

Sikuwahi kuona ardhi kama ile ya Lusaka na ya Gaborone. Unasimama na kuona mpaka mwisho, na hakuna kinachokuzuia. Mpwa wangu aliipenda mara moja, maana mpira wake ulionyooka ulikuwa na mahali pa kwenda. Alifika kwenye grini kwa mipigo michache kuliko karibu wote aliopangwa nao. Lakini akishafika hapo, mpira haukuingia. Hakukosa kwa mbali. Alikosa kwa upana wa kidole, karibu kila mara, shimo baada ya shimo. Lusaka alitolewa kwenye mchujo. Gaborone akatolewa tena. Kutoka nafasi ya kumi akaanguka hadi ya arobaini na kitu.

"Umepanda au umeshuka?"

"Nimeshuka, mama."

"Sana?"

"Sana."

Dada yangu hakusema neno juu ya cherehani. Alisema tu kwamba mwenye duka la ushonaji amepita kuulizia.

Wachezaji wenzake walisema ni woga. Mmoja alimshauri abadili fimbo ya kusukumia, mwingine namna ya kushika. Yeye aliwasikiliza wote na kuwashukuru, na hakubadilisha kitu. "Nikibadilisha kabla ya kujua kinachoharibika," aliniambia, "nitakuwa na makosa mawili." Nilifurahi kusikia neno lile, maana ndivyo ninavyowaambia vijana wangu ukuta unapopasuka. Usiupake plasta ufa usioujua.

Hapa ni lazima nieleze namna tulivyokuwa tukifanya kazi. Kwetu milimani mtu hatumii sana kulia na kushoto. Anayenitafuta nyumbani ataambiwa nipo nyumba ya tatu, upande wa juu. Sokoni unaambiwa nyanya ziko chini ya vitunguu, na maana yake si chini ya meza, ni kuelekea bondeni. Hata ndani ya nyumba dada yangu husema sogeza kiti juu, akimaanisha upande ule wa chumba unaotazama mlima. Kwa hiyo mpwa wangu na mimi tulipofika kwenye grini, yeye aliuliza jambo moja tu: "Juu ni wapi, mjomba?" Mimi nilitazama, nikamjibu, "Juu ni upande wa ule mti," na yeye alitazama, akakubali, akalenga upande huo kidogo ili mpira ushuke hadi shimoni. Kenya na Uganda ilikuwa hivyo. Tulielewana upesi kuliko mchezaji na mbeba mfuko wowote niliowaona, na watu walitusifu kwa jambo hilo.

Shindano la tano lilikuwa Afrika Kusini, katika jimbo la katikati, kwenye uwanda wa nyasi usio na kilima. Tulipangwa tena na yule dada Mkenya. Ilikuwa siku ya pili, siku ya mchujo, na mpwa wangu alikuwa ukingoni kabisa. Kwenye shimo la kumi na moja alifikisha mpira karibu sana na shimo, umbali wa mtu mmoja aliyelala. Akaniuliza juu ni wapi. Nikasema ni kulia, upande wa bwawa. Akachutama, akatazama, akasema naye anaona hivyo. Akasukuma. Mpira ukaenda kulia pale alipoulenga na ukabaki huko huko.

Aliweka alama yake nyuma ya mpira, akauokota, na wakati huo king'ora kikalia. Wingu jeusi lilikuwa limefika bila sisi kulitazama. Kanuni inasema radi ikikaribia wote waondoke, kwa hiyo tulikimbilia kibanda kilichokuwa kando ya grini, sisi wawili, yule Mkenya na mbeba mfuko wake, na mvua ikamwagika kama iliyopinduliwa kutoka kwenye ndoo.

Yule Mkenya alikuwa akikausha nywele kwa taulo. "Sasa wewe," alimwambia mpwa wangu, "nikuulize, na usiniamkie kwanza. Mbona mpira wako unaupitisha njia ya mlima?"

"Njia ya mlima, dada?"

"Unauzungusha. Kila mahali unauzungusha. Mtu angedhani unaendesha lori la kabichi. Hapa ni kama meza. Piga moja kwa moja uende nyumbani."

"Lakini pale panashuka, dada."

"Panashuka wapi?"

"Kutoka kulia. Mjomba naye ameona."

Yule Mkenya akanitazama. "Mzee, na wewe umeona?"

"Nimeona," nilisema.

"Huko kwenu mnakulia wapi chakula? Meza inatulia kweli?"

Mbeba mfuko wake alicheka mpaka akakohoa. Mpwa wangu hakuwa akicheka. Alikuwa amegeukia grini.

"Mjomba," alisema, "angalia maji."

"Nayaona."

"Yamesimama."

Mvua ilikuwa imepungua, na pale kwenye grini, kuzunguka shimo, kulikuwa na dimbwi jembamba linalong'aa. Lilianzia kushoto mwa shimo, likapita, likaenea kulia hadi mahali tulipopaita juu. Halikuwa likienda popote. Nimeishi karibu miaka hamsini mahali ambapo maji hayasimami. Kwetu mvua ikinyesha, kila tone lina haraka ya kwenda Mombo, kule chini ya milima. Nilikaa nikiyatazama yale maji kwa muda mrefu, nikingoja yaanze kushuka, na macho yangu yaliendelea kuniambia kwamba upande wa kulia uko juu. Uliendelea kuwa juu, na maji yameulalia.

"Hatujawahi kujiuliza kama kuna juu," alisema mpwa wangu, taratibu, kama anayesoma. "Tunauliza tu iko wapi."

Nimelifikiria neno lile mara nyingi tangu siku hiyo. Sijui wataalamu wa macho wanasemaje. Ninachojua ni kwamba watu wawili waliolelewa kwenye mteremko walifika kwenye ardhi iliyolala, wakatafuta mteremko, wakauona, na kila mmoja akamthibitishia mwenzake. Kama ningekuwa Mzambia au mtu wa Pwani, tungebishana, na katika ubishi ule mmoja wetu angeshituka mapema. Kwenye nyumba za watu siamini jicho hata siku moja. Natumia pima maji, kile kipande cha ubao chenye kichupa na kiputo cha hewa. Kwenye gofu niliamini jicho kwa sababu lilikubaliana na la mtu mwingine.

Siku ile alitolewa kwenye mchujo, mara ya tatu mfululizo. Lakini alitoka uwanjani akitembea kama aliyeponywa homa.

Kesho yake asubuhi alikuja nilipokuwa nikinywa chai. "Shikamoo, mjomba," alisema, ingawa tulikwisha salimiana alfajiri. Nikajua kuna jambo zito.

"Marahaba. Sema."

"Nina ombi, na naomba usilichukue vibaya."

"Sema, mama."

"Kuanzia shindano linalokuja, tukifika kwenye grini, naomba usiniambie kitu. Nikikuuliza kwa mazoea, usinijibu."

Mtu wa kwetu ataelewa uzito wa maneno yale. Binti kumnyamazisha mjomba wake si jambo dogo, na mjomba mwingine angebeba begi lake akarudi. Yeye alilisema akiwa amesimama, mikono mbele, sauti ikiwa chini, bila kuyumba. Nilimheshimu zaidi asubuhi ile kuliko siku yoyote aliyoshinda.

"Utatumia nini badala yake?" niliuliza.

"Miguu."

Alinieleza. Sisi tuliotembea gizani kwenye vijia vya mlimani tangu utoto tunajua mteremko kwa nyayo. Jicho limezoea kuona milima, litaiona hata isipokuwepo. Unyayo unajua tu uzito umeegemea wapi. Kwa hiyo angesimama pembeni mwa njia ya mpira, miguu imeachana, afumbe macho, na asikilize.

Nilikuwa na pima maji fupi, ya urefu wa kiganja, ambayo hukaa mfukoni mwa koti langu kwa mazoea ya kazi. Kanuni haziruhusu chombo kama hicho wakati wa raundi. Lakini kwenye grini ya mazoezi, kabla ya mashindano, hakuna anayekataza. Tukaanza. Yeye anasimama, anafumba macho, anasema, "Juu, mguu wa kulia," au, "Hakuna." Mimi nachutama, naweka pima maji, namsomea kiputo. Siku za kwanza alikosea mara nyingi, hasa pale pasipokuwa na kitu, maana moyo ulitaka kutaja upande. Neno "hakuna" lilimtoka kwa shida. Wachezaji wengine walipita wakitutazama. Yule Mkenya alisimama siku moja, akamtazama binti aliyefumba macho na mzee aliyepiga magoti.

"Hii ni gofu ama ni maombi?" aliuliza.

"Vyote, dada," alisema mpwa wangu bila kufumbua macho. "Shikamoo."

"Marahaba. Nikuone ukiingia kwenye thelathini wa kwanza, nitakuja na mimi nipige magoti."

Alifanya mazoezi hayo kila asubuhi, hata siku za baridi kali ya uwanda ule, wakati nyasi zina ganda jeupe na vidole vyangu havihisi ule ubao. Hakuruka hata siku moja. Polepole kiputo kikaanza kukubaliana naye. Na mimi nikajifunza kazi niliyoiona ngumu kuliko kubeba mfuko, ya kusimama na bendera ya shimo mkononi, kuona mteremko waziwazi, na kunyamaza. Mara nyingine aliniuliza kwa mazoea, "Juu ni—" akajikata mwenyewe, na sote wawili tulitazama pembeni ili tusicheke.

Shindano lililofuata alivuka mchujo. Lililofuata akamaliza wa kumi na tano, halafu wa nane. Mipira ilikuwa inaingia, moja kwa moja, bila kuzunguka. Dada yangu aliuliza swali lake, naye alijibu kwamba amepanda, Jumapili tatu mfululizo. Hata hivyo zile mara tatu za kutolewa zilikuwa zimekula sana. Tulipofika kwenye shindano la mwisho alikuwa wa thelathini na tatu.

Shindano la mwisho lilikuwa mashariki mwa Zimbabwe, mlimani. Gari lilipoanza kupanda, mpwa wangu alishusha kioo. Harufu iliyoingia ilikuwa ya udongo mbichi na majani ya msitu, na ukungu ulikuwa umekaa kwenye miti kama unavyokaa kwetu, kwenye msitu wa Magamba. Bondeni kulikuwa na migomba na vijia vyekundu. Nadhani sote tulikuwa tunafikiri kwamba tumefika nyumbani, na kwamba tumekatazwa kuamini hivyo.

Siku ya kwanza alicheza kwa miguu yake na akacheza vizuri kiasi. Siku ya pili akavuka mchujo. Asubuhi ya siku ya tatu tulikuwa kwenye grini ya mazoezi, mimi nikiwa na pima maji, yeye akiwa amefumba macho. Akasema, "Juu, mguu wa kushoto, kidogo." Nikapima. Ilikuwa sahihi. Kisha akafumbua macho, akatazama mahali mlima ulipo, ingawa ukungu ulikuwa umeufunika wote.

"Na wewe ulikuwa unaona nini, mjomba?"

"Niliambiwa ninyamaze."

"Leo sema."

"Niliona juu ni kushoto. Kidogo."

Akajaribu mahali pengine, na pengine. Kila mara miguu yake, macho yangu na kiputo vilisema jambo moja. Akachukua pima maji mkononi mwangu, akairudisha mwenyewe kwenye mfuko wa koti langu.

"Hapa juu ipo," alisema. "Leo fanya kazi yako."

Alipangwa na yule Mkenya, ambaye nafasi yake ilikuwa salama tangu zamani. Walicheza ndani ya ukungu, wachezaji wakisubiriana kuona mpira umeangukia wapi. Watu wa tambarare waliteseka siku ile. Mlima haukuonekana, kwa hiyo walisoma grini kama iliyolala, na mipira yao ikawakimbia. Kwenye shimo la mwisho ubao wa matokeo ulituonyesha hali ilivyo. Mpwa wangu alikuwa ameufikisha mpira kwenye grini, lakini mbali sana na shimo. Akimaliza kwa misukumo miwili, angekuwa na matumaini ya kuingia thelathini. Akimaliza kwa mitatu, hapana.

Mkenya alikuwa wa kwanza kusukuma, kutoka upande huo huo. Alitazama, akaridhika, akapeleka mpira wake moja kwa moja. Ulienda vizuri hadi katikati, kisha ukaanza kuinama kama anayeitwa na mtu, ukaishia mbali upande wa kulia.

"Hiyo sasa imeenda kwa nani?" alisema.

Mpwa wangu alisimama kando ya njia ya mpira wake. Hakufumba macho.

"Juu ni wapi, mjomba?"

Nilinyoosha mkono kushoto, kwenye ukungu mtupu. Nilipogeuka, niliona na yeye ameinua fimbo yake kuelekea huko huko.

"Mlima mnauona wapi nyinyi?" aliuliza Mkenya.

"Hatuuoni, dada," alisema. "Tunajua ulipo."

Alilenga kushoto kwa mbali sana, kiasi kwamba mtu aliyesimama nyuma ya kamba alinong'ona. Mpira ulipanda, ukasitasita, kisha ukaanza kushuka kwa mduara mrefu, taratibu, kama maji ya mfereji yanayoongozwa na mtu mwenye subira. Ulisimama umbali wa kiatu kutoka shimoni. Aliufuata kwa mwendo wake wa kila siku, akausukuma ndani, akauokota, akaufuta, akanipa.

Mkenya alimaliza wake, akamjia. "Shikamoo," alimwambia, akiwa amenyooka kabisa.

Mpwa wangu alishika mdomo. "Dada, hapana. Siwezi kuitikia."

"Itikia tu. Nilikuambia siku ya kwanza. Leo umenipita."

Hakuitikia. Aliinama akamshika mikono yote miwili.

Ilibidi tungoje makundi mengine yamalize. Tulikaa chumba cha chai, tukinywa chai ya bonde lile, ambayo mpwa wangu alisema haifikii ya Bulwa, na alilisema kwa uzito kama ushahidi wa mahakamani. Ubao ulipokamilika alikuwa wa ishirini na tisa. Aliutazama, akakaa chini, akavua viatu na kukanyaga sakafu kwa nyayo tupu. Dada yangu alipiga simu kabla hatujampigia.

"Umepanda au umeshuka?"

"Nimebaki, mama."

Nilisikia jogoo wa jirani kule Lushoto, akiwika jioni kama kawaida yake.

"Umebaki kwa mwaka mzima?"

"Mwaka mzima."

"Haya," alisema dada yangu. "Hongea." Ni neno la kwetu la shukrani, na sikumbuki kumsikia akimwambia mtoto wake. Halafu akauliza kama tumekula.

Tulifika nyumbani juma lililofuata, alasiri, kukiwa na manyunyu. Dada yangu alikuwa mlangoni, na cherehani ilikuwa bado pale, kwa hiyo tuliingia ubavuubavu, na mfuko wa fimbo ukakwama. Tulivuta, yeye akasukuma. Kitambaa cha maua kilianguka, na hakuna aliyekirudisha.

"Mwenye duka nimemwambia atafute mwingine," alisema dada yangu. "Na hii inaziba njia. Ishikeni. Isogezeni kule juu."

Sakafu ya nyumba ile niliimwaga mwenyewe na kuipima kila kona. Haina juu wala chini. Tuliinua cherehani, mpwa wangu upande mmoja na mimi upande mwingine, na bila kuulizana tukaipeleka mahali pake, upande unaotazama mlima.